Kifagiaji

Kilikuja kwa ndege, kwa boti, mwisho kwa punda,
ndani ya sanduku bapa kama sinia la pilau.
Shekuwe alikituma toka Doha:
Mama, mgongo wako sasa upumzike.

Famau, mwenye punda, hakuondoka.
Alivua ndara akaingia, aone alichobeba.
Kilizunguka mara mbili, kikazigonga ndara.
"Chatukua mtanga?"
Hapana.
"Chatukua maji?"
Hapana, Famau.
Akatoka, akampiga punda wake kikofi cha shingo, cha mapenzi,
wakashika njia ya Langoni.

Bi Khalthum akaja na kikombe chake cha kahawa.
Kinakuna nazi? Kinaparua samaki?
Basi, shoga, umeletewa mgeni,
na mgeni mwenyewe anakula umeme.

Mjukuu wake akakipanda. Paka akakipanda.
Paka ndiye aliyekaa.

Mimi sikubisha.
Nyumba hii ya mawe inapukutisha chokaa
tangu sijazaliwa,
na kila mlango una kizingiti cha kumkwaza mwizi.
Kikifika hapo kinalia, kinarudi nyuma, kinajaribu tena,
mpaka nikiinue kwapani kama mtoto, nikivushe.
Sasa nani mtumishi wa mwenzake?
Nikakifunika kitambaa. Nikarudia chelewa zangu.

Hata siku moja Shekuwe, kwenye simu, anacheka:
Mama, mbona mimi naweza kukiwasha nikiwa huku huku,
kitandani,
kwa kidole.

Nikakivua kitambaa.

Siku hizi, adhana ya alfajiri haijatoka,
nasikia kinanguruma pembeni mwa ukumbi.
Ameamka.
Ana kidole, ana chaji, ana mama.

Jumatano moja hakikusogea.
Nilikaa nacho sakafuni, uji ukapoa.
Nikakipangusa jicho kwa ncha ya leso
kana kwamba kilikuwa na tongotongo.
Saa nne ndipo kikatikisika:
walimbadilishia zamu, hawakumwambia mapema.
Nami sikumwambia kitu.

Famau bado huniuliza, kila akileta mchanga wa jirani,
kile kidude kinafaa nini hasa.
Namwambia: kinafagia.

Simwambii kwamba usiku, nikishafagia nyumba nzima,
huacha vumbi kidogo pale kinapoanzia,
nusu konzi hivi,
asije akaamka bure.