Ngeli ya Watu

Darasa la jioni, Arua, nyuma ya duka la fundi redio.
Wanafunzi tisa, mabenchi matatu, chaki moja iliyokatika.
Kazi ya leo: mstari mmoja tu wa katiba ya Marekani,
ule wa kwanza kabisa, uje kwa Kiswahili
kabla umeme haujatukimbia.

Sisi, nikaandika. Hapo hakuna aliyebisha.
Nikauliza: sisi nani?

Acidri, karani wa mahakama, mkono juu sijamaliza:
"Raia, Mwalimu. Ndilo neno la sheria."
Nikawaambia neno hilo limetoka malishoni,
Kiarabu cha kale: kundi, na mchungaji mwenye fimbo.
Acidri akacheka: "Basi limefika nyumbani."
Benchi la mwisho halikucheka.
Keji alivuka kutoka Yei na mtoto mgongoni;
kadi yake ina picha, ina alama ya kidole,
ina namba ndefu kuliko safari,
haina neno hilo.

"Wananchi, basi," akasema Ayikoru, muuza mihogo.
Tamu. Mwana wa nchi, kana kwamba nchi hunyonyesha.
Lakini nchi ipi, na ilijifungua lini?
Babu wa babu yake Ayikoru alilala Mkongo,
akaamka Msudani, akafa Mganda,
na hakuhamisha hata figa la jikoni.

"Watu," akasema Keji, uso haujainuka.
"Watu tu."

Nikakaa kitako.
Maana na wale wa kule waliandika hivyo hivyo, watu:
wanaume watupu, chumba kimoja, madirisha wameyafunga,
kiangazi kikiwatokota ndani ya makoti
ili njia isisikie wanavyogombana.
Walijua mamlaka hayadondoki kama mvua,
huchipuka chini, kwa ridhaa, au hunyauka.
Wakayakata mafungu matatu, kila fungu lichunge lenzake,
kama ndugu wanaogawana ufunguo wa ghala
na hawaaminiani.
Akili kubwa, sikatai.
Kisha wakapiga hesabu:
watumwa watano ni watu watatu.
Nani alikuwa akiwamiminia maji?

Nikaijaribu hesabu ile ubaoni.
Mtumwa anaimba. Watumwa wanaimba.
Sarufi ikagoma. Mtumwa yumo ngeli ya watu,
mzima, pamoja na mfalme, pamoja na mdudu;
hakuna kiambishi cha tatu-juu-ya-tano.
Lakini nisijivune. Lugha hii hii
iliwahi kuhesabu watu kwa pingu,
na huku kwetu ilikuja imeshika bunduki.

Munduni, mlinzi wa duka, alikuwa mlangoni
tangu saa moja, tochi kwapani.
"Mimi Kiswahili nilikipata kambini," akasema,
na hakuna aliyemwuliza.
"Wewe! Simama! Lala chini! Toa kitambulisho!
Wewe, wewe, nyinyi, wale.
Miaka kumi na minne. Sikujua kama kina sisi."

Hapo umeme ukaondoka, kama ada yake.
Acidri bado anadai raia. Ayikoru anakusanya kapu.
Keji akaomba tochi imulike ubao,
anakili lile neno moja tulilokubaliana,
na mbele yake akaacha nafasi
ya upana wa vidole viwili.

Asubuhi fundi redio akanipigia, amefura:
nani amemchafulia mlango kwa chaki?
Nikaenda kuona. Herufi kubwa, zimeinama,
za mtu aliyezoea kujaza daftari la wageni:
jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka.
SISI. Mbili na nusu usiku.
Ya kutoka hakujaza.