Hali: Hai

Desemba, hapa Moncton, maili hufa kwa wingi.
Sisi wapokea simu tumepangwa safu kwa safu,
vipaza sauti midomoni, nje theluji haina haraka,
na kila anayepiga anataka zake zisife.

Mmoja anauliza kama elfu nne zitamfikisha Lisbon.
Hazimfikishi hata Toronto.
Zinafika birika la umeme, namwambia,
na kahawa mifuko miwili.
Mwingine ananitukana kwa Kifaransa
akidhani sikijui. Nimekinyonya kwa mama.

Tarehe ishirini na nane, saa mbili kasorobo usiku,
sauti ya bibi, kutoka Thunder Bay.
Alisoma namba za kadi mojamoja,
kama anayeokota punje za mchele mezani.
Jina? Reino Lahtela.
Naomba kuzungumza na mwenyewe.

Nikasikia jokofu lake likinguruma.

"Mwenyewe tulimzika Agosti."

Kanuni ya kumi na nne inasema maili si mali.
Hazirithiwi. Mwenye kadi akifariki,
akaunti hufungwa mara mhudumu apatapo habari.
Mhudumu ni mimi. Habari ndiyo hiyo.
Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe.

Yeye alikuwa angali anasema.
Kwamba Reino alikuwa mkaguzi wa lifti.
Kwamba miaka ishirini na sita, kila Jumatatu,
alipanda ndege ili akapande lifti za watu,
na nyumba yao wenyewe haina hata ngazi.
Kwamba Ijumaa alirudi na masikio yameziba,
akawa anajibu maswali ambayo hakuulizwa.

Elfu sitini na moja, mia nne na themanini.

"Hizo ni Jumatatu zangu," akasema Bi Aune.
"Mlizichukua mojamoja.
Sasa mnazifuta kwa mkupuo?"

Nikamuuliza angependa kwenda wapi.
"Popote? Sitaki. Nina paka.
Nataka zisiondoke, basi."

Simu zetu hurekodiwa, kwa ajili ya kuboresha huduma.
Kwa ile sauti tuliyofundishwa nikasema:
samahani mama, laini ina mikwaruzo,
hilo la Agosti sikulisikia.

Laini ilikuwa safi, ningeweza kumsikia paka akijilamba.

Akanyamaza. Mtu mzima haambiwi mara mbili.
"Nimesema amelala," akasema.

Basi mwache alale. Ila kadi yake
ikinunua chochote katika duka letu, hata cha dola tatu,
saa inaanza upya: miezi kumi na minane.
"Chochote?"
Chochote.
"Betri?"
Hata betri.
"Anazihitaji," akasema, na sauti ikamkauka kidogo.
"Za redio. Amekuwa akilalamika."

Alipokata simu nilivua kipaza sauti
nikaenda chooni, nikafungua bomba, nikaacha maji yatiririke.

Ni makosa kufungua faili la mteja bila sababu.
Mimi hulifungua.
Mwaka uliofuata, muda haujakaribia hata nusu:
kamba za viatu, kahawia, jozi mbili.
Kisha soksi za sufu, saizi ya mguu mkubwa.
Kisha kitabu cha mafumbo ya maneno.
Mwaka huu, miwani ya kusomea.
Nadhani macho yake yameanza kuchoka;
umri nao.

Hajaongeza hata maili mia. Hajapunguza hata moja.

Jana Normand, msimamizi wetu, alisimama nyuma yangu
na kikombe chake cha chai iliyopoa.
"Zélie, huyu ana tatizo gani?"
Hana, nikasema.
Nikamwonyesha pembeni mwa skrini, juu, kulia,
herufi ndogo za kijani ambazo kompyuta huziandika yenyewe:

Lahtela, Reino.
Hali: hai.