Kimahaba

Insha ya ishirini na saba, ya Apondi Rading',
Kidato cha Pili Magharibi:
"Babu alimkata nyanya kucha kimahaba."
Nikalizungushia neno wino mwekundu.
Pembeni nikaandika: La wapenzi hili. Tumia jingine.

Jingine lipi, sikusema.
Stima ilikuwa imepotea Manyatta nzima,
mshumaa umesimama kwenye kifuniko cha kopo la majani chai,
nami najiona mlinzi wa lugha.

Nilijaribu polepole. Lakini polepole ni mwendo,
hata foleni ya Kondele inao.
Taratibu lina rula mkononi.
Kwa upole: ndivyo daktari anavyotoa habari mbaya.
Kwa wororo, hilo la mabango ya sabuni.
Nikaipekua kamusi hadi ikanichoka.

Vielezi hukaa nyuma ya kitenzi
kama watu waliomsindikiza mgonjwa:
hawakuitwa, hawaumwi,
ukiwatoa nje, kazi inaendelea.
Sentensi husimama bila wao.
Husimama tu.

Jumamosi nikaenda nyumbani, Ahero.
Mvua ya usiku ilikuwa imejaza mitaro ya mpunga.
Baba, aliyeendesha trekta ya skimu miaka thelathini
na kututandika kwa mshipi uleule ulioshika suruali,
amekalia ndoo iliyopinduliwa,
mguu wa mama umelala pajani mwake
kama kitu alichoazima kwa jirani.
Nusu ya wembe. Maji ya vuguvugu kwenye karai.
Tangu kiharusi, mama hawezi kuinama.

Baba hatazami uso wake. Anatazama kucha.
Kila anapofika pembeni, pale panapouma,
anapuliza kwanza,
kisha anasema, "Mos,"
na hamwambii mama, anauambia wembe.

Mos. Kijaluo hicho. Neno moja
tunalompa anayekimbia ili apunguze,
tunalompa aliyejikwaa,
tunalompelekea aliye mbali liwe salamu.
Kiswahili nacho kina pole, nduguye wa karibu,
lakini pole hufika mtu akishaumia.
Mos ya baba iliyatangulia maumivu,
ikayazuia mlangoni.

Mama akasinzia. Hakuna aliyesema jambo kubwa.
Baba akakusanya vipande vya kucha kwenye gazeti,
akaniuliza kama mshahara umeingia.

Jumatatu, kabla ya kengele, nikamwita Apondi.
Wino mwekundu haufutiki. Nilikuwa nimeukwangua kwa wembe
karatasi ikatoboka palepale penye neno:
tundu dogo, ukiuinua ukurasa dirishani
unaliona ziwa ndani yake.

"Mwalimu, sasa hapa niandike nini?"

Nikampa gundi na kipande cha karatasi.
"Lilelile," nikasema.
"Ila mos. Ukurasa ni mwembamba."