Msumeno wa Maji

Dukani Braga, muuzaji alinisifia injini.
Nikamuuliza: pampu inafunguka nikitaka kuisafisha?
Akanyamaza. Nikainama,
nikaipima reli ya pembeni kwa rula yangu ya chuma:
milimita mbili zimepotea kulia.
"Huu muuzie mwenye haraka," nikamwambia.

Nikachukua mdogo, mtumba,
diski yake ya almasi haina jino hata moja,
ukingo mzima, laini kama sarafu.
Meno ni ya mawe. Kigae humeguka.

Leo, jikoni kwa Dona Albertina,
kigae cha buluu kimebaki kimoja tu
na ukuta unataka kipungue vidole viwili.
Najaza maji mpaka diski ilowe magoti.
Sisukumi. Naegemeza viganja,
chuma kijilie taratibu.
Tope jeupe linanirukia miwani, linaingia mikononi mwa shati.
Sentimita ya mwisho ndiyo mwizi:
hapo hata pumzi naibana.

Mlio unakatika.
Dona Albertina, mlangoni, bado kaziba masikio,
ananiuliza kwa macho.
Nasuuza. Ndege aliyechorwa
amepoteza mkia.

"Haidhuru," anasema. "Hakuwa msafiri."