Kabla ya Tarehe Mosi

Barua iko chini ya Msahafu, wiki ya tatu sasa.
Wodini hajui mtu.

Najizoeza mapema, hapa Maweni,
Malindi ikipoa joto, mtoto amelala:
nyuma ya kalenda ya duka la saruji
napiga mistari, napanga zamu.
Kadzo asubuhi. Saumu mchana.
Usiku naandika Mbeyu. Nafuta.
Naandika tena.

Mbeyu, niliyegawana naye viazi karai getini miaka sita,
aliyenishikia zamu siku niliyofiwa,
atanitazama kama nani
nikimwambia: leo hutoki mapema?

Neno hilo nimelijaribu kwenye kioo: sauti ikapanda mno.
Nikiosha sufuria: ikawa kama naomba radhi.
Nikamwambia paka.
Akajinyoosha, akatoka.

Funguo za kabati la dawa sijapewa.
Nimefunga za nyumbani kwa kamba, kiunoni,
nijue uzito wake,
nijue zitakavyolia nikipita ukumbini
na nani atanyamaza akizisikia.

Kesho bado ni muuguzi kama wao.
Mbeyu nitamwambia mwenyewe,
kabla ubao haujamwambia.
Viazi nitanunua mimi.