Mulombwa wa Lupangoni

Katuba, mwezi wa saba. Kijiti kimekauka.
"Kingʼoe, Mama Chola," jirani Kyungu alisema,
"panda kitu cha kula."
Mama akamwaga maji ya vyombo, hakujibu.

Mbegu ilitoka njia ya Kipushi,
imengʼangʼania gunia la makala
kwa miiba yake.

Miaka saba shina likifa kila kiangazi.
Miaka saba mzizi ukishuka tu.
Chola akaolewa, akazaa, akarudi.

Leo, mvua bado haijanyesha,
njano!
Nyuki hawa wametoka wapi, Katuba hii ya mabati?

Kyungu amekuja na kisu:
ati aone kama kweli unatoka damu.

"Rudisha kisu.
Ndugu zake wote umeshapikia bukari."