Gofu Jipya

Babu yangu Baderha alikuwa fundi wa timazi.
Juu ya ukuta wake ungeweka yai
na yai lingelala usingizi.

Mzungu wa Nguba, mwenye bustani
inayoteremka hadi ziwani,
alimwita, akamfunulia karatasi:
mnara. Nusu ya mnara.
Kichwa kimeliwa, dirisha halina nyumba,
ngazi inapanda hatua tisa kisha inaacha.

"Bwana, na ile inayobaki?"
"Hakuna inayobaki. Ni hivi hivi."

Akajenga. Mikono ikakataa.
Mchana alipasua ufa kwa patasi, kama alivyoagizwa;
jioni, kabla ya kunawa, aliuziba bila kujijua,
kama mtu anayemfunga mtoto wa jirani kifungo,
akipita tu.
Asubuhi bwana alicheka, akaonyesha kwa shina la kiko:
"Baderha, hii iko muzima sana. Vunja kidogo."
Akavunja kidogo. Akalipwa siku nzima.

Kule Kadutu aliona haya.
Alisema anajenga kanisa.

Wenzake bustanini walikuwa wa mawe:
mwanamke wa marumaru na mtungi wake mkavu,
simba wawili wenye sura za makarani,
mtoto wa mabawa, pua imelika kwa mvua.
Walifika ndani ya masanduku, wamelazwa kwenye nyasi.
Walikesha nje usiku kucha bila kuulizwa.
Babu, giza likiingia, alihitaji karatasi.

Bwana aliondoka. Simba mmoja hajulikani aliko;
wa pili yuko mlangoni pa baa, Essence,
amepakwa rangi ya bia.
Mwanamke wa marumaru anaanikiwa nepi mkononi.

Kisha ile Jumapili ya Februari, watu wakiwa misani,
ardhi ilijinyoosha.
Nyumba yetu, aliyoipima babu kwa timazi,
ilipasuka toka msingi hadi bati.
Babu alikuwa ameshazikwa. Afadhali.
Nikateremka Nguba kuutazama mnara:
nyufa zilezile. Hata moja mpya.

Siku hizi Nzigire anakaa humo na wanawe wanne.
Juu ametandika hema la bluu.
Dirisha limepata nyumba; anauzia hapo sambaza.
Ananipimia kikombe, anagonga ukuta kwa kiwiko:

"Fundi wa hapa alikuwa mvivu, dada.
Nyufa zote hizi, aliziba moja tu.
Ile pale nyuma."

Nikaenda nyuma. Nikaiona.
Nikarudi, nikalipa, nikaomba anifungie vizuri.